Tawi dogo ndilo lango la kampuni kubwa

Wasomaji wetu wengi, walioko ughaibuni na walioko nyumbani, wameajiriwa na makampuni ambayo makao makuu yake hawajapata kuyaona. Mmoja yuko katika ofisi ya mizigo Muscat na mkubwa wake yuko Ulaya. Mwingine anajibu simu za wateja akiwa Leicester kwa niaba ya kampuni ya Marekani. Wa tatu ni karani wa forodhani Mombasa, na kila anachokiandika kinahifadhiwa katika kompyuta iliyo nchi asiyoijua. Wote hao, katika miaka ya karibuni, wamepokea barua pepe zinazofanana: kuanzia tarehe fulani kila mfanyakazi, popote alipo, ataingia kazini kwa utaratibu mmoja, atathibitisha kwa simu yake ya mkononi kuwa ni yeye, na kompyuta yake itawekewa programu mlinzi inayoendeshwa kutoka mbali.

Huko ndiko kuweka kiwango kimoja cha usalama wa mtandao kwa matawi yote, kwa njia ya wingu. Wingu hilo si la mvua. Ni maelfu ya seva zilizopangwa katika majumba makubwa ya makampuni kama Amazon, Microsoft na Google, ambazo mtu hukodi huduma zake kupitia intaneti badala ya kununua mitambo yake mwenyewe na kuifungia chumbani ofisini.

Walioko matawini hunung'unika, na hatuwalaumu. Amri hushuka kutoka juu, maelezo huja kwa Kiingereza kigumu, na kazi husimama siku ya kwanza. Lakini amri hizo zina sababu, na sababu yenyewe imeandikwa kwa hasara ya mamilioni ya dola. Tunachotaka kusema leo ni hiki: kiwango kimoja ni lazima, lakini kinafaa tu kikiandikwa kwa kulifikiria tawi dogo kuliko yote. Adui hupitia huko, na wakati mwingine hata wokovu hutoka huko huko. Kisa cha kampuni ya meli ya Maersk kinaonyesha yote mawili.

Kompyuta moja ya Odessa

Maersk ni kampuni ya Denmark yenye makao makuu Copenhagen. Makontena yake yanajulikana Mombasa, Dar es Salaam na Salalah kama yanavyojulikana Rotterdam. Tarehe 27 Juni 2017, siku moja kabla ya sikukuu ya katiba ya Ukraine, kompyuta za kampuni hiyo zilianza kuzimika moja baada ya nyingine, ofisi baada ya ofisi, nchi baada ya nchi. Aliyebahatika aliona kioo cheusi chenye maandishi mekundu yakidai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Madai hayo yalikuwa kiini macho. Hata aliyelipa hakuweza kurudishiwa mafaili yake, kwa sababu kirusi hicho, kilichokuja kuitwa NotPetya, kilitengenezwa kuharibu, si kukusanya fidia.

Kiliingiaje? Ukraine palikuwa na programu ya mahesabu iitwayo M.E.Doc, iliyotumiwa na karibu kila anayelipa kodi nchini humo. Wadukuzi walikwisha kujipenyeza katika seva za waliyoitengeneza, na walipotuma sasisho la kawaida ndani yake mlikuwamo kirusi. Mwandishi Andy Greenberg wa jarida la Wired, aliyekichunguza kisa hiki na kukichapisha mwaka 2018, alieleza kwamba katika ofisi ya Maersk ya Odessa, bandari ya Ukraine katika Bahari Nyeusi, programu hiyo ilikuwa imewekwa katika kompyuta moja tu, kwa ombi la mkuu wa fedha wa pale. Moja ikatosha.

Kirusi kilikuwa na silaha mbili. Ya kwanza ilikuwa tundu katika Windows lililotumiwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, kwa shughuli zake za siri, kisha zana yake ikaibwa na kutandazwa hadharani Aprili 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo mwezi mmoja kabla, lakini si kila mtu alikiweka. Silaha ya pili ilikuwa mbaya zaidi: kirusi kilichota majina na nywila zilizobaki katika kumbukumbu ya kompyuta iliyoambukizwa, kikazitumia kuingia katika kompyuta nyingine, hata zile zilizokwisha kuwekewa kiraka. Kwa hiyo karani mzembe wa mji mmoja aliweza kumponza karani makini wa mji mwingine, kwa kuwa wote walikuwa ndani ya nyumba moja isiyokuwa na milango kati ya vyumba.

Magati ya kampuni hiyo yalisimama kuanzia New Jersey na Los Angeles hadi Algeciras, Rotterdam na Mumbai. Huko Elizabeth, New Jersey, malori yalipanga foleni nje ya lango lisilofunguka, kwa sababu hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani na limebeba nini. Meli zenyewe hazikudhurika. Kilichopotea ni habari za mzigo, na mzigo usio na habari ni chuma tu.

Januari 2018, katika mkutano wa Davos, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya Maersk, Jim Hagemann Snabe, alisema wazi kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500, na kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa siku kumi. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Wengine walioangamia siku hiyo ni kampuni ya dawa ya Merck, tawi la FedEx la Ulaya liitwalo TNT Express, na Mondelez inayotengeneza biskuti na chokoleti. Serikali ya Marekani ilikadiria hasara ya dunia nzima kuwa zaidi ya dola bilioni 10. Februari 2018 Uingereza na Marekani ziliilaumu Urusi, na Oktoba 2020 Marekani iliwafungulia mashitaka maofisa sita wa shirika la ujasusi wa kijeshi la Urusi, GRU. Moscow imekanusha.

Kuna jambo moja katika uchunguzi huo ambalo lingefaa kubandikwa ukutani katika kila makao makuu. Mpango wa kuimarisha usalama wa mitambo ya Maersk ulikuwapo kabla ya balaa, na ulikwisha kuidhinishwa. Tatizo ni kwamba utekelezaji wake haukuwa miongoni mwa mambo ambayo wakuu wa teknolojia walipimwa kwayo kila mwaka ili walipwe bahashishi. Kila mtu aliukubali na hakuna aliyeusukuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu ameujenga kwa siku kumi, usiku na mchana.

Ghana ilipokatikiwa umeme

Sasa tuje kwenye wokovu. Katika kampuni ya namna hii kuna seva zinazoshika daftari la nani ni nani, na nani anaruhusiwa kufungua mlango upi. Bila daftari hilo hakuna kinachowezekana: hata ukiwa na nakala za mizigo na mahesabu yote, huna wa kumpa ufunguo. Maersk ilikuwa na seva kama hizo zipatazo 150 duniani, na zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Waliozipanga waliona kwamba moja ikifa, nyingine 149 zitabaki. Hawakufikiria kwamba siku moja zote zingeweza kufa pamoja.

Zilifutika zote isipokuwa moja, ya Ghana. Nayo haikupona kwa ustadi wa mtu yeyote. Ilipona kwa sababu umeme ulikatika pale kabla ya shambulio, seva ikawa nje ya mtandao, na kirusi kilipopita hakikuikuta. Waghana wana jina lao kwa maradhi hayo ya umeme, dumsor, yaani zima-washa. Sisi wa Afrika Mashariki tunaita mgao. Safari hii mgao uliokoa kampuni ya kimataifa.

Mambo hayakuishia hapo. Wataalamu waliokusanyika Maidenhead, Uingereza, walijaribu kuivuta data hiyo kwa intaneti wakakuta kasi ya mtandao wa ofisi ya Ghana ni ndogo mno. Ingechukua siku kadhaa. Wakaamua mfanyakazi wa Ghana apande ndege alete diski mkononi. Hakuna hata mmoja wa ofisi ile aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi ifanywe kama mbio za kupokezana kijiti: wa Ghana akaruka hadi Nigeria, akakutana uwanja wa ndege na mfanyakazi mwenzake, akamkabidhi diski, na huyo wa pili akapanda ndege ya kwenda Heathrow.

Ndugu msomaji, unayejua foleni za ubalozini na maswali yake, utaelewa kwa nini hatukiachi kisa hiki kipite. Tawi lililokuwa na umeme wa kusuasua, intaneti ya polepole na wafanyakazi wasioweza kupata viza ndilo lililobeba roho ya kampuni nzima. Katika michoro ya makao makuu, tawi kama hilo huwa kitone pembeni mwa ramani.

Kiwango kimoja maana yake nini

Zamani ulinzi wa kampuni ulikuwa kama ngome. Ukuta mmoja ulijengwa kuzunguka makao makuu, na matawi yakaunganishwa kwa nyaya za kukodi. Aliyekuwa ndani aliaminiwa na wa nje akazuiwa. Karani wa tawi la mbali akitaka kufungua ukurasa wa gazeti la mjini kwake, ombi lake lilisafiri hadi makao makuu, likakaguliwa, kisha likarudi. Ilikuwa ghali na polepole, hivyo matawi mengi yakajitafutia njia za mkato: modemu ya dukani, kompyuta ya mwana wa meneja, programu ya wizi. Makao makuu yakabaki na ukuta mzuri usiolinda kitu.

Wingu limebadilisha mpango huo. Badala ya kila tawi kuwa na mitambo yake ya ulinzi na fundi wake, au kupitisha kila kitu makao makuu, mlinzi anawekwa katika wingu, na kila kompyuta hupita kwake kwa njia iliyo karibu nayo. Sheria huandikwa mara moja na kufika kila mahali. Mwaka 2010 mtaalamu wa Marekani John Kindervag aliipa fikra hii jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita kutomwamini mtu: haijalishi uko ofisini au nyumbani, Copenhagen au Kisumu, utaulizwa wewe ni nani kila unapogusa kitu cha thamani, na utaruhusiwa kile tu unachokihitaji kwa kazi yako.

Ukiondoa maneno ya wauzaji, mambo ya msingi ni matano. Kwanza, daftari moja la wafanyakazi, ili mtu akiacha kazi Dar es Salaam leo asibaki na ufunguo mpaka mwakani. Pili, uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na kitu kingine ulicho nacho. Tatu, programu mlinzi na viraka kwa kila kompyuta bila ubaguzi. Nne, kuta za ndani, ili moto wa chumba kimoja usiteketeze nyumba. Tano, nakala za akiba, na angalau moja iwe imetengwa kabisa na mtandao. Akiba haiozi, lakini akiba inayolala chumba kimoja na mali huibiwa pamoja na mali. Seva ya Ghana ilikuwa akiba ya bahati nasibu. Inayotakiwa ni ya makusudi.

Kampuni iliyonunuliwa majuzi

Hatari nyingine iko kwenye tawi jipya. Februari 2024 wasomaji wetu wengi walioko Marekani waliona maduka ya dawa yakishindwa kushughulikia bima zao. Kampuni ya Change Healthcare, inayopitisha malipo ya hospitali na maduka ya dawa, ilikuwa imevamiwa. Aliyekuwa mkuu wa kampuni mama, UnitedHealth Group, Andrew Witty, aliliambia Bunge la Marekani mwezi Mei mwaka huo kwamba wahalifu waliingia kwa nywila iliyoibwa, kupitia lango lisilokuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Alikubali kwamba walilipa fidia ya dola milioni 22. Baadaye idadi ya watu ambao habari zao ziliguswa ilikadiriwa kufika milioni 190 hivi, zaidi ya nusu ya wakazi wa nchi hiyo.

Kinachouma ni kwamba kampuni mama ilikuwa na kanuni: kila lango linaloelekea nje liwe na uthibitisho wa hatua mbili. Lakini Change Healthcare ilinunuliwa Oktoba 2022, ikaja na mitambo yake ya zamani, na lango hilo lilikuwa bado halijafikiwa na kanuni ya wenyeji wapya. Hivyo kanuni ilikuwapo kwenye karatasi na mlango ukawa wazi. Mwaka 2021 bomba la mafuta la Colonial, mashariki ya Marekani, nalo lilisimamishwa kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia kwa akaunti ya zamani isiyotumika tena, ambayo nayo haikuwa na hatua ya pili.

Fundisho ni kwamba kiwango hakipimwi kwa uzuri wa waraka. Kinapimwa kwa orodha ya vitu ambavyo bado havijafikiwa: tawi gani, kompyuta ipi, kwa sababu gani, na nani atajibu mpaka lini. Makampuni mengi huonyesha bodi asilimia 97 iliyokamilika, na watu hupiga makofi. Mdukuzi haishi katika hiyo 97.

Wingu likikatika

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba kuweka kila kitu mikononi mwa mlinzi mmoja ni dawa isiyo na madhara. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake mlinzi. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha matibabu, vituo vya televisheni vikazimika. Hapakuwa na mdukuzi wala adui. Mlinzi mwenyewe alijikwaa. Sasisho liliondolewa baada ya muda wa saa moja na robo hivi, lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu wa kukaa mbele yake na kuzitengeneza kwa mkono, moja baada ya nyingine. Hapo utajua thamani ya fundi wa tawini, yule aliyepunguzwa kazini kwa hoja kwamba siku hizi yote yanafanywa na wingu.

Kisha kuna nyaya za baharini. Machi 2024 nyaya kadhaa zilikatika karibu na Abidjan, na Ghana ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na majirani. Mfanyakazi ambaye hawezi hata kuwasha programu ya ghala bila ruhusa kutoka wingu la Ulaya alifanya nini saa hizo? Kama waliopanga mfumo hawakumfikiria, alikaa bure, au alizima mlinzi ili kazi iende. Akishauzima, nani atamkumbusha kuuwasha?

Kwa hiyo kiwango kizuri hujibu swali hili mapema: tawi likikatikiwa mtandao, lipi liendelee, lipi lisimame, na kwa muda gani? Masasisho yaanze kwa kompyuta chache kabla ya kumwagwa kote. Pawepo akaunti za dharura, nywila zake zikiwa katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Na pawepo orodha ya simu iliyochapwa kwenye karatasi, kwa maana orodha iliyo ndani ya kompyuta iliyokufa haimpigii mtu. Wafanyakazi wa Maersk walilazimika kupokea kazi za wateja kwa WhatsApp na kwa barua pepe zao binafsi.

Makao makuu yasiyoyajua

Tunaongea na wasomaji wetu wanaofanya kazi hizi, na malalamiko yao yanafanana kiasi kwamba hayawezi kuwa ya mtu mmoja mvivu.

La kwanza ni siku. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi. Dawati la msaada la London siku hiyo limefungwa, na ni siku hiyo hiyo ambayo wakubwa huichagua kwa matengenezo, kwa kuwa kwao ofisi ni tupu.

La pili ni simu. Kiwango kinasema mfanyakazi athibitishe kwa simu yake. Simu ni ya nani, na vocha analipa nani? Sisi wa ughaibuni tunaijua adha ya benki ya nyumbani inayotuma namba ya siri kwenye laini ambayo haishiki mtandao ulipo. Zaidi ya hayo, ujumbe mfupi ni hatua dhaifu, maana matapeli hubadilisha laini ya mtu kwa kushirikiana na wakala au kwa kumlaghai, kisha namba zote huenda kwao. Zipo njia bora. Kuna programu za simu zinazotoa namba ya muda bila kuhitaji intaneti wala mtandao wa simu, na kuna vifunguo vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta. Kampuni inayosema haina fedha ya vifunguo ikumbuke ile milioni 22.

La tatu ni kasi. Sasisho kubwa likiteremshwa na kompyuta ishirini za ofisi moja kwa wakati mmoja, kazi inakufa. Inawezekana kompyuta moja ya pale ilichukue usiku na kuwagawia wenzake asubuhi. Ni jambo la kuamua, wala halihitaji miujiza.

La nne ni lugha. Onyo kuhusu barua pepe za kitapeli huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mtunza ghala anayesoma Kiswahili, au dereva anayesoma Kiurdu, hulifuta. Kisha siku anapodanganywa huambiwa kwamba binadamu ndiye kiungo dhaifu.

La tano ni sheria za nchi. Kumbuka kwamba ofisi ya Odessa haikuweka M.E.Doc kwa ukaidi. Programu hiyo ndiyo iliyotumika nchini kwa mambo ya kodi. Kila nchi ina zake. Tawi la Nairobi hutoa ankara kwa mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya mapato, na la Dar es Salaam lina mashine za EFD. Hatusemi mifumo hiyo ina kasoro. Tunasema kwamba kompyuta inayolazimika kubeba programu ambayo makao makuu hayakuichagua itengwe katika chumba chake, isikae meza moja na daftari la kampuni nzima. Aidha Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, Tanzania na Oman tangu 2022. Kuhamishia habari za wafanyakazi katika wingu la nchi nyingine si uamuzi wa fundi peke yake.

Malalamiko yote matano yana tiba moja: mtu wa tawini awepo kiwango kinapoandikwa, si kinapotangazwa. Meneja wa Ghana angeweza kuwaambia wa Ulaya juu ya umeme, kasi na viza bila ya kulipwa kama mshauri.

Kwa nini tunajali

Pengine msomaji atauliza jambo hili linawahusu nini waandishi wa habari tuliotoka nyumbani kwa kutotakiwa. Linatuhusu sana. Sisi pia ni shirika lenye matawi ya mbali, ingawa tawi letu mara nyingine ni meza ya jikoni. Mhariri yuko nchi moja, mpiga picha nchi nyingine, na anayetuletea habari yuko kule ambako sisi hatuwezi kurudi. Kampuni ya meli ikivamiwa hupoteza fedha na siku kumi. Sanduku letu la barua likifunguliwa, mtu aliyetuamini anaweza kugongewa mlango usiku.

Kwa hiyo nasi tumejiwekea kiwango, nacho ni kifupi. Hakuna anayeingia bila hatua mbili. Majina ya watoa habari hayakai katika wingu la mtu yeyote. Aliyeacha kazi hufungiwa siku hiyo hiyo. Na kila kanuni tunamuuliza kwanza yule aliye mahali pagumu kuliko sote kama anaiweza, kwa simu aliyo nayo, kwa vocha aliyo nayo, umeme ukiwa umekatika. Akisema haiwezi, hatumwambii ajitahidi. Tunaibadilisha kanuni.

Ewe uliyepokea barua pepe ile ya makao makuu, itii, kwa maana imetokana na hasara ya kweli. Weka hatua ya pili, usimwazime mwenzako nywila, usizime mlinzi ili kazi iende upesi. Lakini usikae kimya. Andika kwa wakubwa: hapa Jumapili ni kazini, hapa umeme hukatika, hapa kompyuta ya kodi haijatengwa, hapa kuna akaunti ya mtu aliyeondoka mwaka jana. Mwanzo watakuona msumbufu. Ila wao hawakioni chumba unachokaa, na mlango unaozungumziwa uko ubavuni mwako.